Mwaka wa Majiko Mawili

Pushpa alifariki Jumanne, na Jumatano saa nne asubuhi wanaume wa kwao walikuwa wameshampeleka kando ya ziwa, mahali wanapochomea maiti wao. Mimi nilibaki nyumbani pamoja na wanawake, tumekaa chini kwenye shuka nyeupe, magoti yangu yakinilalamikia. Mjukuu wake mmoja, binti aliyekuja kwa ndege kutoka Dar, alinisogezea mto nikaegemea, kisha akaniuliza kwa adabu, "Bibi, wewe na Ba mlijuana vipi?" Ba ndivyo walivyomwita bibi yao. Nikamjibu bila kufikiri, "Kwa samaki." Binti akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya, kwa sababu bibi yake hakuwahi kuonja samaki tangu azaliwe mpaka siku tuliyomuaga. Sikuweza kumweleza pale pale, maana msiba una taratibu zake. Nilimwambia nitamwandikia.

Ulikuwa mwaka ule wa mwisho kabla ya uhuru. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza darasa la nane, nakaa kwa shangazi yangu Igogo nikisubiri mambo mawili ambayo hakuna aliyejua lipi litatangulia: barua ya kuitwa kwenye mafunzo ya uuguzi, au posa. Habari za wazazi wangu na jinsi ukoo wetu ulivyofika Mwanza sitaziweka hapa. Zina wasimulizi wengine. Ninachotaka kukumbuka ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo, chini kidogo ya hospitali ya serikali, na wanawake waliokuwa wakipika humo kila siku ya Mungu.

Wanawake hao walikuwa na chama chao tangu mimi mdogo. Kilikuwa chama cha kufaana tu: harusi ikitokea wanapika, msiba ukitokea wanapika, mwenzao akijifungua wanamfulia na kumpikia mpaka siku arobaini zitimie. Mkubwa wao alikuwa Bi Mwaju, mjane mnene mwenye sauti nyembamba, aliyepata riziki yake kwa kushona mito na magodoro. Siku moja alikwenda hospitali kumwangalia mpwa wake, akamkuta barazani mwanamke wa kisiwa cha Ukara aliyekuja na mtoto mgonjwa. Mama huyo alikuwa akitia kiganja ndani ya mfuko wa unga wa muhogo na kuulamba mkavu. Hospitali ilitoa kitanda na dawa. Chakula kilikuwa kidogo, na hicho kidogo kilikuwa cha mgonjwa peke yake. Watu wa mjini waliletewa na ndugu zao. Watu wa visiwani, waliovuka siku nzima kwa mashua, hawakuwa na wa kuwaletea. Bi Mwaju alirudi Igogo, akawaita wenzake uani kwake, akawaambia maneno ambayo shangazi aliyarudia maisha yake yote: "Sufuria zetu zinalala tupu kati ya harusi na harusi. Mwenye njaa hasubiri harusi."

Sufuria zilikuwepo, mikono ilikuwepo, lakini kupika Igogo na kupandisha uji mpaka hospitali kulimaanisha uji wa baridi. Palihitajika jiko karibu. Bi Mwaju alikuwa ananunua vitambaa vyake miaka mingi kwenye duka la Mhindi mmoja lililokuwa chini ya kilima cha hospitali, na mke wa mwenye duka, tuliyemwita Mama Pushpa, ndiye aliyekuwa akimkatia. Siku moja, huku mkasi ukitembea, Bi Mwaju alimsimulia habari ya yule mwanamke wa Ukara. Mama Pushpa alimaliza kukata, akakunja kitambaa, akachukua shada la funguo lililokuwa kiunoni kwake, akamwongoza Bi Mwaju mpaka nyuma ya ghala. Pale palikuwa na jiko la zamani la familia, halitumiki tangu walipojenga nyumba mpya: meko manne ya kujengwa, karo la saruji, na dirisha. Akasema kwa Kiswahili chake kifupi, akihesabu kwa vidole, "Pika. Kila siku pika. Nyama hapana. Samaki hapana. Yai hapana. Mlango huu, hizo hapana kupita." Bi Mwaju akamshika mkono, akakubali kwa niaba ya wote.

Siku hizi vijana wa mashirika hunijia na magari yao meupe na kuniuliza, "Bibi, mradi wenu mliuanzishaje?" Hatukuwa na neno mradi. Tulikuwa na zamu. Zamu ya kuni, zamu ya maji, zamu ya kukoroga, zamu ya kubeba. Mimi niliingizwa kwa sababu nilijua kusoma na kuandika: kazi yangu ilikuwa kupita wodini alfajiri na daftari, kuandika nani amekuja kutoka wapi, nani hawezi kutafuna, nani ana mtoto wa kunyonyesha, kisha kurudi jikoni na kusema leo ni bakuli ngapi. Nikimaliza nilivaa aproni kama wengine. Asubuhi tulipika uji wa ulezi, mchana ugali au wali na dengu, choroko, mchicha, maboga, wakati mwingine michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, ambayo Nyamizi alileta kutoka kwao Magu. Nyamizi alikuwa Msukuma, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, mwenye mikono ya kuinua sufuria ya uji peke yake. Nalikumbuka jiko lile kwa pua kuliko kwa macho: moshi wa kuni mbichi, bizari ikikaangwa, ukuta wa chokaa ukitokwa na jasho.

Pushpa alikuja siku ya tatu, ametumwa na mama yake kuleta gunia la dengu. Alikaa kutuonyesha namna ya kuzipika zisikauke, na kesho yake akarudi bila kutumwa. Tulikuwa rika moja. Alikuwa na nywele zilizosukwa msuko mmoja mrefu na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema kinachochekesha, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza kama changu. Tulikaa kizingitini tukichambua choroko na kusikiliza wakubwa. Maongezi ya mwaka ule yalikuwa uhuru, hata ukizungumza habari ya chumvi. "Wazungu wakiondoka, hospitali itapika yenyewe," Nyamizi alisema. "Na mpaka wakati huo wale nini, hotuba?" Bi Mwaju akamjibu, na jiko zima likaangua kicheko. Mara nyingine sauti zilishuka. Mmoja alisema Wahindi wataondoka, mwingine alisema hawaendi popote, kisha wakakumbuka kwamba Pushpa yuko kizingitini, na mwiko ukagongwa kwenye ukingo wa sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Pushpa aliendelea kuchambua. Jioni moja aliniuliza, "Wewe unafikiri tutaondoka?" Nikamwambia, "Mkiondoka nani atapika dengu?" Lilikuwa jibu la kitoto, lakini naona lilimtosha.

Katika wodi ya wanaume alikuwepo Mzee Masatu, fundi wa kuchonga mitumbwi kutoka Ukara, aliyeangukiwa na gogo mguuni. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na vyuma, na daktari alisema utakaa hivyo miezi. Mjukuu aliyemleta alilazimika kurudi kulima. Wiki za kwanza alikula tulichompa. Baadaye akaanza kurudisha bakuli. Nilimwinamia kumsihi, "Shikamoo, babu. Jaribu kidogo." "Marahaba. Sitaki, binti," alisema, na ulimi wake wa Kikara ukageuza maneno. "Dengu jana, choroko juzi. Hiki ni chakura cha njiwa. Mimi si njiwa. Nipe sato mmoja na ugali wa udaga wa muhogo, uone kama sitasimama." Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya tano sikucheka, kwa sababu mashavu yake yalikuwa yameingia ndani na muuguzi wa zamu alikuwa ameanza kutikisa kichwa akipita kitanda chake.

Sikumwambia Bi Mwaju. Nilijua angesema ahadi ni ahadi. Ijumaa moja asubuhi nilishuka pwani ya Igogo, nikanunua sato wawili wanene, nikawafunika kwa mchicha ndani ya kapu. Ijumaa wanawake waliondoka mapema kwenda kuoga na kuswali. Mimi sikuwa na sala siku hiyo. Mama Pushpa alikuwa analala baada ya chakula cha mchana. Nikabaki peke yangu, nikaparua magamba kwenye karo, nikawatia samaki chumvi na limau, nikawabandika na nyanya na kitunguu. Harufu ilipoinuka, nilitishika mwenyewe. Ndipo Pushpa akaingia. Alisimama, akaweka mkono puani.

"Hadija, umefanya nini?"

"Ni kwa Mzee Masatu. Muda mfupi tu, nitasugua kila kitu."

Alitazama sufuria, kisha akatazama juu ukutani, kwenye kirafu kidogo cha mbao ambacho sisi tulikuwa tunatundika aproni zetu kwenye misumari yake. Nilidhani anafikiria kukimbia kumwita mama yake. Badala yake alitoka, akakaa kizingitini na ungo wa choroko ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. "Fanya haraka," alisema bila kugeuka. "Mimi sijaona."

Nilipandisha kilima na bakuli chini ya kanga. Mzee Masatu alinusa kabla sijafika kitandani. Sijapata kuona mtu akila vile, si kabla ya siku ile wala katika miaka yangu yote ya wodini baadaye. Alikula polepole, kwa heshima, akivuta kila mfupa kinywani na kuupanga ukingoni mwa bakuli. Alipomaliza alifumba macho akasema, "Sasa nimefika Mwanza." Nilishuka nikiwa mwepesi kama niliyetibu mtu. Nilipokata kona ya ghala niliona sufuria zetu zote nje, zimepinduliwa, aproni zimekunjwa vizuri juu yake, na kufuli kubwa mlangoni. Mama Pushpa, aliyeamshwa na harufu, alikuwa amesimama barazani. Hakupiga kelele. "Kwisha," alisema, akaingia ndani.

Alasiri hiyo uani kwa Bi Mwaju nilisimama mbele ya wanawake ishirini na kitu na kusema nilichofanya. Sikumtaja Pushpa. Shangazi alijifunika uso kwa upande wa kanga. Nyamizi akasema kwa hasira, ingawa hakunikasirikia mimi, "Wagonjwa wote wale, kwa ajili ya samaki wawili! Basi na tungoje. Uhuru ukija jiko lile litakuwa letu, tutapika hata kamongo." Baadhi waliitikia. Bi Mwaju aliwaacha wamalize. "Uhuru si ufunguo wa mlango wa mtu," alisema kwa sauti yake nyembamba. "Mama yule alitupa jiko bila hata kutuuliza majina. Akatuomba jambo moja. Moja." Kisha akanigeukia. "Wewe, kesho alfajiri utapita wodini kama kawaida. Utawaambia wewe mwenyewe kwamba uji hakuna, na kwa nini hakuna."

Nimewahi kutoa habari za vifo kwa watu, nikiwa muuguzi. Sijui kama kuna alfajiri iliyonilemea kuliko ile. Nilipita kitanda hadi kitanda. Wengine walitikisa kichwa tu. Mwanamke mmoja wa kisiwa cha Kome, mwenye mtoto aliyeungua moto, alinisikiliza mpaka mwisho, akamimina maji kwenye kikombe akampa mwanawe, akamwambia, "Kunywa, uji unachelewa." Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee Masatu aliuliza, "Kwa sababu ya samaki wangu?" Nikaitikia. Akageuzia uso ukutani. "Ungeniacha na dengu, mwanangu," alisema.

Asubuhi hiyo hiyo Bi Mwaju alinipeleka kwa Mama Pushpa. Tulikaribishwa sebuleni, tukapewa maji. Chumba kilinukia ubani, na nje mvua za kwanza zilikuwa zinagonga bati. Nilipiga magoti nikaomba radhi. Kabla sijamaliza Pushpa alitokea mlango wa jikoni akasema kitu kirefu kwa Kigujarati, akiwa anatazama sakafu, nikajua anakiri habari ya kizingitini. Mama yake alimsikiliza, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Kisha akaongea, na Pushpa akatufasiria. Mama alisema kile kirafu tulichotundikia aproni kilikuwa mahali pa mama mkwe wake. Yule bibi alifika Mwanza akiwa bibi harusi, na kwa miaka yote aliyoishi hakupika chakula bila kuweka kwanza kidogo pale mbele ya Mungu, ndipo watu wale. Kwa hiyo jiko lile halikuwa chumba tu. "Anasema hakuwaambia kwa sababu alifikiri ahadi inatosha," Pushpa alimalizia. Bi Mwaju aliinamisha kichwa. "Ilitosha," alisema. "Sisi ndio hatukutosha."

Halafu Mama Pushpa akaniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, "Mzee yule. Alikula?"

"Alikula, mama. Mpaka mifupa."

Aliangalia dirishani, upande wa hospitali. Nadhani alikuwa anapigana na kitu moyoni, na sitajifanya kukijua. Mwishowe alifungua shada lake la funguo, akatoa ufunguo wa jiko, akauweka mkononi mwa Pushpa, hakuuweka mkononi mwangu. "Osha," alisema. "Wewe na yeye. Ukuta, chini, juu, yote." Tulikuwa tumeshainuka aliposema tena, kama anayezungumza na mvua: "Nje ya ukuta, si jiko yangu. Nje, jiwe ya serikali."

Tulisugua siku nzima, mimi na Pushpa, kwa majivu, limau na maji ya moto, mpaka vidole vikachubuka. Aproni tulizihamishia kwenye msumari wa mlango. Kirafu alikifuta yeye, mimi nikishika kiti alichosimamia. Jumapili uji ulipanda kilimani kama kawaida. Na ng'ambo ya kichochoro, kwenye lile jabali kubwa linaloegemea barabara, wanawake wa chama walisimamisha nguzo nne na mabati makuukuu, wakaweka mafiga matatu ya mawe. Hilo likawa jiko la samaki. Lilikuwa na sufuria zake, pawa zake, na karo lake la debe, na chombo cha huko hakikuvuka kuja huku. Ndugu wa wagonjwa, waliokuwa wakishinda wamejikunyata barazani hospitalini, walianza kushuka kutusaidia. Mmoja alileta furu wakavu, mwingine ningu kutoka kwa shemeji yake. Mwanamke wa Kome alikuwa hodari wa kukausha kuni. Ndani ya mwezi mmoja hatukuwa tena tunawapikia watu wa visiwani. Tulikuwa tunapika nao. Mzee Masatu alipata sato wake mara mbili kwa wiki, na siku nyingine alikula dengu bila kunung'unika, akisema njiwa naye ni kiumbe. Alipoondoka aliondoka kwa miguu yake miwili na fimbo moja, akapita kwanza dukani kumwamkia Mama Pushpa. Sikusikia walichoambiana. Niliona tu wote wawili wakiinamishiana vichwa.

Barua yangu ilifika kabla ya posa. Niliomba niende baada ya sikukuu, kwa hiyo siku ya uhuru ilinikuta bado nina aproni. Mji mzima ulihamia uwanjani tangu asubuhi. Wanawake wetu walivaa kanga mpya, wakaenda na vigelegele, hata Bi Mwaju, aliyesema amengoja siku hiyo tangu meno yake yakiwa yote. Lakini wagonjwa hawana sikukuu, na mimi na Pushpa tulikuwa tumejitolea kubaki. Tulibandika dengu ndani, tukabandika sato nje, kisha ikatubidi tupande wodini sote wawili kushusha vyombo, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Wodini walitaka habari. Pushpa aliwasimulia bendera aliyoiona ikipita mtaani, rangi kwa rangi, na mwanamume mmoja asiyeweza kuinuka alimwomba airudie. Alirudia mara tatu. Tulipokumbuka samaki, tuliteremka kilima mbio, bakuli za bati zikigongana kikapuni, tukijua tutakuta makaa.

Chini ya bati, kwenye kibao cha Nyamizi, alikuwa amekaa Mama Pushpa. Upindo wa sari ulikuwa umeziba pua na mdomo wake, yakabaki macho tu, nayo yalikuwa yanatoka machozi kwa moshi. Hakuwa amegusa sufuria wala upawa. Alikuwa na kijiti kirefu mkononi, na kwa kijiti hicho, akiwa amejivuta nyuma kadiri kibao kilivyomruhusu, alikuwa anachomoa kuni moja baada ya nyingine ili moto upungue. Kutoka uwanjani kelele za watu zilifika kama mvua ya mbali. Tulisimama tukimtazama.

"Mnaangalia nini?" alisema kupitia sari. "Geuza samaki yenu. Inaungua."

Niligeuza. Pushpa alicheka mpaka akaketi chini kwenye jabali, na mama yake akamwambia neno moja la Kigujarati. Nilimwomba anifasirie siku ile, na nikamwomba tena mara nyingi katika miaka yote iliyofuata, akiwa bibi na mimi bibi, na kila mara alianza kucheka kabla hajasema, na hakulisema kamwe.